Kahawa ya Mvita Kwenye Baridi

Kahawa ngeni hunywewa kwa kikombe cha mwenyeji. Mmeisikia leo dukani, mkacheka, na sasa mnataka kujua aliyeisema. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa mjini kwetu, kwenye baridi hii inayowavalisha masweta mchana kweupe.

Alikuja mwanamke kutoka Mombasa, Bi Zamzam, akimfuata mumewe dereva wa lori. Mume akafa, yeye akabaki. Kwao Mvita, jina la kale la Mombasa, watu hukaa barazani jioni wakinywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, wakitafuna kashata na kubishana. Baba yake ndiye aliyekuwa akiwauzia. Bi Zamzam aliyatamani mazungumzo yale kuliko hata bahari. Akafungua kibanda, akapanga mabenchi, akaandika ubaoni kwa rangi nyekundu: KAHAWA YA MVITA. Alichotaka ni watu wakae.

Watu hawakukaa. Walikunywa mara moja, wakaenda zao kwa jirani, Mama Mligo, kunywa chai ya maziwa. Bi Zamzam akadhani ubao hauonekani, akaweka mkubwa zaidi. Akaongeza tangawizi. Wapi! Dele la kahawa lilipoa juu ya jiko, naye akikodolea macho mabenchi matupu aliyoyapanga mwenyewe. Upweke ule msiuombee hata adui.

Siku moja akamwendea Mama Mligo na kikombe chake mkononi. “Shoga, niambie kweli. Kahawa yangu ina ila gani?”

Mama Mligo akakigeuzageuza kile kikombe. “Dada, huku mgeni anayekaribishwa hupewa kikombe kikubwa, akikumbatie kwa mikono miwili mpaka vidole vipate moto. Ukinipa haka, naona unaniambia: onja, uende.”

“Uende? Kwetu ndiyo heshima! Kidogo kidogo, tena na tena, ndivyo mtu anavyokaa.”

“Kwenu, sawa. Huku nani alijua kuna cha pili?”

Kesho yake Bi Zamzam akanunua vikombe vikubwa vya bati. Kahawa ile ikijaa kikombe kizima haikunyweka kwa uchungu, basi akaipunguza makali, akatia maziwa, akatia sukari, na badala ya kashata akaweka viazi vya kuchemsha. Watu wakaja. Wakakaa! Tukabishana juu ya mbolea na posa za watu mpaka giza linaingia. Jina la Mvita likafika hadi vijiji vya juu.

Kisha akapita kijana wa Mombasa, fundi wa minara ya simu. Alipouona ubao aliruka kutoka garini akicheka peke yake. Akapiga funda moja, akakiweka kikombe chini polepole.

“Mamangu, hii si kahawa ya kwetu.”

“Najua, mwanangu. Ile ya kwetu nilikuwa nikiinywa peke yangu.”

“Basi mbona umeliacha jina?”

Nilikuwa benchini, nikamwona Bi Zamzam akijifuta macho kwa ncha ya leso. Alitutazama sisi tuliojazana pale, mikono yetu imekumbatia bati, tukisubiri aongeze.

“Jina ndilo pekee nililobakiza,” akasema. “Kahawa ngeni, mwanangu, hunywewa kwa kikombe cha mwenyeji.”