Karamu ya Maneno Safi

Hapo zamani, katika mji wa Kitamli, alitawala Sultani Mwinyikombo, mtu mwenye hekima isiyo na mfano, na shahidi wa hekima hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Basi alimwajiri Bibi Winfrida, mwalimu kutoka Uingereza, awasomeshe wanawe asili na maana za maneno ya Kiingereza. Alimtunza vizuri, ila hakumwuliza hata siku moja anawafundisha nini.

Ikawa asubuhi moja Sultani akatangaza barazani: "Kiswahili ni lugha ya ombaomba, kimeazima kwa Waarabu, kimeazima kwa Wahindi. Kiingereza chote kimezaliwa Uingereza, hakijamwomba mtu neno. Kwa hiyo Bi Rukia, yaya anayewasimulia wanangu ngano za Kiswahili, atoke jumbani mwangu!"

Mawaziri wakaitikia, "Naam," maana hiyo ndiyo kazi pekee waliyoiweza.

Bi Rukia alikuwa kikongwe, hana pengine pa kulala. Mwanawe Vuai, fukara asiyemiliki hata sufuria, akaja kumwombea. Sultani akacheka, akasema:

"Vema. Niandalie karamu, na kila utakachoniwekea kiwe na jina la Kiingereza lililozaliwa Uingereza. Likipenya moja la kuazima, mtatoka mjini mwangu wote wawili."

"Nimesikia, Bwana wangu. Nami nikitimiza, utakula mbele ya wageni wako, na mama atabaki?"

"Naapa."

"Na waamuzi wawe wanao, kwani elimu hiyo wanayo wao."

Sultani alipenda mno kusikia wanawe wakisifiwa, akakubali papo hapo. Vuai akaenda moja kwa moja kwa Bibi Winfrida, akamwuliza maswali mawili matatu, wakacheka hadi machozi.

Siku ya karamu wageni wakajaa, wamevaa vya kuvaliwa. Sultani akaingia, akakuta ukumbi mweupe, hauna hata kiti.

"Sofa langu liko wapi?"

"Jina lake limetoka kwa Waarabu, baba!" wakajibu watoto kwa sauti moja.

"Meza je?"

"La Kiingereza limetoka kwa Warumi!"

"Chai?"

"Uchina!"

"Angalau tangawizi na pilipili!"

"Uhindi, baba, yote mawili!"

"Ndizi?"

"Afrika Magharibi!" Watoto walifurahi ajabu, kwani ilikuwa mara ya kwanza baba yao kuwauliza habari za masomo.

Basi Vuai akainama kwa adabu, akaweka jiwe sakafuni, na juu yake mkate mkavu, chumvi na maji. "Karibu, Bwana wangu. Vyote hivi majina yao ni wazaliwa."

Kiapo ni kiapo. Sultani akaketi sakafuni na joho lake la dhahabu, akatafuna, na wageni wakatazama dari wasije wakacheka. Tonge la tatu likamkwama.

"Kumbe Kiingereza nacho huazima?"

"Huazima kwa kila jirani, Bwana wangu, na ndiyo maana kimenenepa. Hiki chetu kimefanya kosa gani?"

Sultani akaona haya hadi masikioni. "Mwiteni Bi Rukia," akasema kwa sauti ndogo, "alete kahawa. Na sukari."

Bi Rukia akaja na buli, akasimama mlangoni. "Bwana wangu, majina ya hivi nayo Waingereza wameyapata kwa Waarabu. Nimimine, au nifungashe vyangu niende?"

"Mimina, mama yangu," akasema Sultani. "Mimina ukae."

Na ule mkate uliobaki ninao mimi. Mwenye meno aje auchukue.