Bi Kanga na Wachimbaji wa Mtaro

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo hivyo? Mmeshiba au mmenuna? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia watu. Kaeni vizuri. Wewe uliyetandaza miguu kwenye mkeka wangu, hebu ikunje. Hadithi ya leo ina harufu, nawaambia mapema, asije mtu akaziba pua katikati akaniharibia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na miji yao na mabaraza yao, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kisima Kimoja. Uliitwa hivyo kwa sababu kisima kilikuwa kimoja tu. Wote walikunywa hapo. Mwenye pembe anakunywa, mwenye manyoya anakunywa, mkubwa anakunywa, mdogo anakunywa.

Sasa mji huo ulikuwa na shida yake. Maji machafu! Maji ya kufulia, maji ya kuogea, na yale mengine ambayo siyataji maana wengine hapa hawajala. Yote yalipita njiani, chururu, chururu, mpaka bondeni. Mvua ikinyesha yanafurika. Yakifurika yanaingia kisimani. Mwaka mmoja matumbo yaliuma mji mzima. Watoto walilia, wakubwa walikimbilia vichakani, hata mwenyekiti wa mji alikimbia, na yeye hajui kukimbia.

Mwenyekiti huyo alikuwa Bwana Ngiri. Mzito, mwenye meno mawili yaliyopinda, lakini roho yake nzuri. Tumbo lilipotulia akaitisha baraza.

"Jamani, yatosha!" akasema. "Kabla ya masika tunachimba mtaro. Uende chini kwa chini, uanzie juu ya mji, upite chini ya uwanja wa baraza, utokee kule mbali kwenye matete. Maji machafu yapite huko. Kisima kibaki salama."

"Nani atachimba?" wakauliza.

"Muhanga," akasema Ngiri. Wote wakatikisa vichwa, ndiyo, Muhanga.

Mnamjua Muhanga? Masikio marefu, pua ndefu, mkia mnene, na makucha. Makucha yale, jamani! Anachimba kuliko majembe kumi. Na chakula chake ni mchwa. Anapasua kichuguu kwa kucha, anatia ulimi, anakula. Kwa hiyo makucha ndiyo jembe lake, na hayohayo ndiyo kijiko chake. Lishikeni hilo.

Muhanga akaja na wenzake wawili, Fuko na Nungunungu. Bwana Ngiri akawapokea vizuri.

"Kuanzia leo ninyi ni wafanyakazi wa mji," akawaambia. "Na mfanyakazi wa mji ana bima."

"Bima ni mnyama gani?" akauliza Fuko.

Ngiri akacheka. "Si mnyama. Kila nyumba hapa inaleta kapu la chakula na fungu la dawa, tunaweka ghalani. Ukiumia kwenye kazi ya mji, unatibiwa kwa dawa ya ghala. Na nyumba yako inakula ghalani mpaka upone. Hiyo ndiyo bima."

Muhanga akafurahi kwelikweli. Alikuwa na mke na mtoto mmoja, jina lake Kichuguu. Akasema, "Basi naweza kuchimba bila wasiwasi."

Akaingia chini. Kwaru! Kwaru! Kwaru!

Sasa sikilizeni, hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Ghala lile lilikuwa na ufunguo, na ufunguo alikuwa nao Bi Kanga, karani wa baraza. Bi Kanga! Shingo juu, madoadoa yamepangika, hatua ndogondogo, tii, tii, tii. Alipenda kazi yake kuliko mtama. Kila siku jua likichomoza anasimama uwanjani na ubao wake, anaita majina. Anayeitika "Nipo!" anahesabiwa. Asiyeitika, Bi Kanga anakwaruza ubao kwa kucha, kwaa! Na kanuni ilisema hivi: bima ni ya anayeitika.

Na Bi Kanga haiti majina haraka, la hasha. Anaita, anameza mate, anajinyoosha, anaita tena. Akimaliza, jua limeshakuwa kali.

"Kasuku, mpiga mbiu wa baraza!"

"Nipo!"

Kasuku huyo aliwahi kuchomwa na kijiti kidoleni, tena akiwa amekaa kitini. Kijiti! Akauguzwa wiki mbili, akiletewa karanga kitandani.

"Muhanga, mchimbaji!"

Kimya.

"Muhanga!"

Hakuna "Nipo". Ila chini ya ardhi inasikika, ti! ti! ti!

"Nyamazeni huko chini!" Bi Kanga anapiga mguu. "Panya gani hawa wasio na adabu?" Kisha ubaoni, kwaa!

"Fuko!" Ti! ti! ti! Kwaa!

"Nungunungu!" Ti! ti! ti! Kwaa!

Hivyo hivyo kila asubuhi. Ubao wa wachimbaji ukajaa mikwaruzo.

Lakini kwa nini hawakuja uwanjani? Nawaona mnataka kuuliza. Ni kwa sababu ya mchanga. Mchanga wa Kisima Kimoja una tabia zake. Asubuhi, umande ukiwa bado, unashikana kama ugali ulioiva. Jua likikolea unakauka, unamwagika, unafukia mtu. Saa ya kuchimba ni ileile ya kuitwa majina. Anayechimba haitiki. Anayeitika hachimbi.

Siku ya arobaini, Muhanga alikuwa mbele, anachimba. Kwaru! Kwaru! Jiwe likachomoka juu. Puu! Likamwangukia mkono wa kulia. Kacha! Kucha kubwa ikapasuka mpaka kwenye nyama.

"Mamaa!" akapiga kelele.

Fuko akavuta, Nungunungu akasukuma, wakamtoa. Wakampeleka kwa Tumbili, mganga wa mji. Tumbili akatazama, akaguna.

"Leo nitakufunga kwa dawa yangu ya nyumbani, na ndiyo ya mwisho niliyonayo," akasema. "Lakini kidonda hiki kinataka dawa ya ghala, kila siku, wiki tatu. Na usiguse udongo hata kidogo. Ukigusa, kitaoza, na hutachimba tena maisha yako."

"Nisipochimba sili," akasema Muhanga.

"Ndiyo maana kuna bima," akasema Tumbili. "Mwambie mkeo aende kwa Bi Kanga."

Bi Muhanga akajifunga kibwebwe, akaenda barazani. Akamkuta Bi Kanga, na Bwana Ngiri yupo pembeni.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, mama Kichuguu."

"Mume wangu ameumia kwenye mtaro. Nimekuja kwa ajili ya bima."

Bi Kanga akachukua ubao. Akatazama, akatazama tena.

"Pole sana, dada yangu," akasema, na kweli aliona huruma. "Lakini mumeo hajaitika hata siku moja. Arobaini nimemwita, arobaini hayupo."

"Hayupo? Na mtaro uliopita hapa chini ya miguu yako umejichimba wenyewe?"

"Mimi sijui ya chini. Mimi nahesabu walioitika. Kanuni ni kanuni."

Bi Muhanga akamgeukia mwenyekiti. Bwana Ngiri akatazama kwato zake. Aliona aibu. Akakohoa tu.

Bi Muhanga akarudi nyumbani analia. Lo! Hata mimi nikifika hapa moyo unaniuma. Mume amelala, mkono umevimba, mtoto anaulizia mchwa, na ghala limejaa karanga za Kasuku.

Fuko akasikia. Fuko ni mpole, lakini siku hiyo alifura.

"Kumbe karani anataka mdomo?" akasema. "Haya. Kesho atausikia mdomo."

Kesho yake jua linachomoza, Fuko na Nungunungu hao uwanjani. Wamenawa, wamejipanga mstari wa mbele.

"Fuko, mchimbaji!"

"Nipooo!"

"Nungunungu!"

"Nipo, Bi Kanga, nipo kabisa!"

Bi Kanga akafurahi. "Mnaona? Ni jambo rahisi tu." Akaita majina mpaka mwisho. Jua likakolea, mchanga ukakauka. Fuko na Nungunungu wakarudi kulala.

Siku ya pili, vilevile. "Nipo!" "Nipo!" Mtaro haukusogea hata unyayo mmoja. Na kule milimani, wingu jeusi. Bwana Ngiri akatazama wingu, akashika tumbo.

Nyumbani kwa Muhanga mkono ukaanza kunuka. Tumbili akasema, "Kesho. Dawa isipokuja kesho, hiyo kucha tena basi."

Siku ya tatu Bi Kanga akasimama uwanjani na ubao.

"Muhanga, mchimbaji!"

Kimya.

Kimya kabisa. Bi Kanga akainua mguu apige chini, kama kawaida yake. Mguu ukabaki hewani. Kuna kitu kimepungua, siku mbili zile hakukigundua kwa furaha ya kusikia "Nipo". Akainamisha shingo, akaweka sikio chini. Hakuna ti. Hakuna kitu.

"Wale panya," akasema polepole, "wale panya wa kila siku wamekwenda wapi?"

Fuko akatoka mstarini.

"Panya gani, Bi Kanga? Ni sisi. Tulikuwa hapo chini ya miguu yako. Sauti yako tunaisikia vizuri sana. Ukiita 'Muhanga', Muhanga anagonga juu mara tatu. Ukiita 'Fuko', nagonga mimi. Siku arobaini tunakuitikia. Na wewe siku arobaini unatupigia mguu unasema tunyamaze."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama Bi Kanga. Hata Kasuku!

Bi Kanga akashusha mguu taratibu. Yule mwenye shingo juu, shingo ikashuka. Machozi yakamtoka, tena ya kweli.

"Ameniitikia mara arobaini," akasema. "Na mimi nimemwandika hayupo mara arobaini."

Hakungoja kikao. Akaufuta ubao kwa bawa, fyaa, mikwaruzo yote. Akang'oa ufunguo shingoni. Akakimbia ghalani, ke-ke-ke-ke, vumbi linatimka! Akachukua fungu la dawa, akachukua kapu, akafika kwa Muhanga anahema.

"Baba Kichuguu, nisamehe."

Muhanga akainua pua. "Umeleta dawa?"

"Nimeleta."

"Basi mpe Tumbili kwanza, msamaha tutauzungumza baadaye."

Tumbili akasafisha, akafunga. Kidonda kilikuwa hakijaoza. Kilikuwa kinakaribia, lakini hakijaoza. Bi Muhanga akakaa chini akashusha pumzi ndefu. Mtoto akala mpaka tumbo likawa ngoma.

Bwana Ngiri akaitisha baraza siku ileile. Akasimama mbele ya wote.

"Mimi ndiye niliyewaambia wachimbaji kwamba wana bima," akasema. "Na walipoihitaji nikakohoa. Nimekosa. Kuanzia leo jina litaitwa pale kazi ilipo. Anayefanya kazi juu aitike kwa mdomo, anayefanya kazi chini aitike kwa kugonga. Na aliyeumia apelekwe kwa Tumbili kwanza, ubao utafuata nyuma."

"Tumekubali!" wakasema wote.

Kesho yake alfajiri, umande ukiwa bado, Ngiri akavua koti lake la uenyekiti, akaingia mtaroni. Fuko anachimba, Nungunungu anachimba, Ngiri anasukuma mchanga kwa pua. Bi Kanga naye kaingia, madoadoa yote yamejaa tope, anatoa kokoto kwa mdomo. Kasuku akasema kidole chake bado kinauma. Wakamcheka mpaka naye akabeba.

Hatua zilizobaki zilikuwa chache, mtaro ukafika kwenye matete. Kesho yake mvua ikaja. Ngurumo! Pwaa, pwaa, pwaa! Maji machafu yakaingia mtaroni, guru guru guru, yakapita chini ya uwanja, yakaenda zake. Watu wakakimbilia kisimani kutazama. Maji meupe, unaona mpaka changarawe za chini. Bwana Ngiri akateka akanywa. Wote wakangoja. Akangoja na yeye, kashika tumbo. Tumbo likanyamaza. Basi, vigelegele!

Asubuhi mvua imekatika, Bi Kanga akasimama uwanjani. Fuko na Nungunungu walikuwa mtaroni wanausafisha.

"Fuko!"

Ti! ti! ti!

"Nungunungu!"

Ti! ti! ti!

Akafika kwenye jina la Muhanga. Kila mtu akatazama chini, maana Muhanga yuko kitandani, mkono umefungwa, ana wiki tatu za kupumzika. Lakini Bi Kanga akaliita hivyo hivyo, kwa sauti yote.

"Muhanga, mchimbaji wa mji!"

Sasa nyumba ya Muhanga ilikuwa pale juu, mwanzo wa mtaro. Jina likapanda njia likamfikia. Muhanga akainua ule mkia wake mnene, akagonga sakafu. Mtaro aliouchimba mwenyewe ukaibeba sauti, ukaileta mpaka chini ya uwanja wa baraza.

Ti! Ti! Ti!

"Yupo," akasema Bi Kanga.

Na mji mzima ukaitikia, "Yupo!"

Fundisho langu ni hili, wakubwa na wadogo. Mtu anayekufanyia kazi mahali usipomwona, mfuate alipo kabla hujasema hayupo. Na bima mliyoahidiana ni ya aliyeumia, si ya aliyesimama mstari wa mbele.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia, imeingia mtaroni imekwenda zake. Mliokuwapo mmesikia. Na wewe uliyenyamaza kule nyuma, kama upo, gonga.