Kiriba Hakijichani

Mmeusema tena msemo huo, kisha mkacheka. "Kiriba hakijichani," mmoja wenu amemwambia mwenzake anayengoja shida zake ziishe zenyewe, nanyi mliobaki mkaitikia kama watu wanaojua wanachokisema. Lakini mlipokuwa mnakuja hapa mmepita kwenye mtaro ulioziba kwa mifuko ya nailoni, maji yanarudi barabarani, na hakuna aliyeinama. Mmoja aliuruka, tena akainua pindo la suruali lisichafuke. Msijifanye hamkuuona. Mliuona mkaangalia pembeni, kama mnavyoangalia pembeni kila siku.

Sasa mnauliza msemo umetoka wapi. Vizuri. Aliyezoea kuutamka hana budi kuujua. Kiriba hakijichani: neno hilo lilitoka mara ya kwanza kinywani mwa mwanamke aliyekuwa amepiga magoti kwenye tope, huko Itekela, upande wa baridi wa Rungwe, na lilianza namna hii.

Mwanamke huyo aliitwa Tumpale. Alizaa watoto, Mungu akawachukua wangali wachanga. Wa mwisho akaja kabla ya wakati wake, mdogo kama kifaranga, kiganja kimoja kinamtosha. Wanawake waliomzalisha walitazama chini. Tumpale akamfunga kifuani, ngozi kwa ngozi, akamfunika kanga juu ya kanga, akakaa naye karibu na moto msimu mzima wa mvua. Alilala ameketi, asije akamlalia. Mtoto akaishi. Wakamwita Anyosisye, yaani Mungu amenifariji, na pale nyumbani akawa Anyo.

Anyo akakua. Akaota ndevu, mabega yakapanuka, akawa anapandisha mkungu wa ndizi kilima kizima bila kuutua. Lakini kwa mama yake alikuwa bado yule wa kifuani. Mawingu yakikusanyika tu, "Anyo, vaa sweta." Akikohoa kwa sababu ya moshi, maji ya moto yanabandikwa. Vijana wenzake walimtania kijiweni: "Leo mama amekuruhusu kutoka?" Naye alicheka nao, ila kicheko kilikuwa kinapungua mwaka hadi mwaka.

Maana kwa Wanyakyusa ipo desturi ya tangu mababu: kijana akishapevuka halali tena chini ya paa la mama yake. Zamani vijana wa rika moja walitoka pamoja, wakajenga kijiji chao wenyewe pembeni. Siku hizi vijiji hivyo havipo, lakini aibu ya kijana mwenye ndevu kulala kwa mama bado ipo. Na Anyo hakukosa pa kwenda. Alikuwa na kiwanja cha marehemu baba yake ng'ambo ya kijito. Alikuwa na matofali aliyofyatua kwa mikono yake, ameyafunika majani ya migomba, yanaota kuvu. Alikuwa na mchumba, Lugano, mchuma chai mwenye ulimi usio na breki. Kilichokosekana ni neno moja la mama: nenda.

"Bado kidogo," Tumpale alikuwa akisema. "Kiwanja kile kina unyevu. Kifua chako nakijua mimi."

Angeweza kuondoka bila kuaga, ndiyo. Wangapi wameondoka hivyo. Lakini utamgeuzia vipi mgongo mtu aliyelala ameketi kwa ajili yako?

Basi, mjue pia kazi ya Tumpale. Alikuwa akiotesha miche ya miti, kazi aliyoirithi kwa mama yake. Enzi za mama yake mche uliwekwa kwenye ganda kavu la shina la mgomba, likakunjwa kama kikombe, likafungwa kwa kamba ya mgomba huohuo. Siku ya kupanda hufungui kitu. Unafukia mche na vazi lake. Ganda linaoza, mizizi inapita, kwisha. Hivyo ndivyo Itekela walivyojua kupanda.

Kisha vikaja viriba, ile mirija myeusi ya nailoni ambayo unaijaza udongo na kuuchomeka mche. Ni vyepesi, havivuji udongo, havihitaji kusuka kamba. Bwana miti, mtu mpole aliyekuwa akija na pikipiki, aliwafundisha kwamba kabla ya kupanda lazima kiriba kichanwe kwa wembe na kutupwa mahali pake. Tumpale alichana, lakini kwa moyo mzito. Udongo ulimeguka, mizizi myeupe ikabaki nje inatetemeka. "Ni kama kumvua mtoto nguo kwenye baridi," alisema. Wembe aliufunga kwenye pindo la kanga, na kila alipoufungua alivuta pumzi kwanza.

Ndipo akaja mchuuzi mmoja na gari dogo jeupe, ana viriba vya kijivu, na ubavuni vimepigwa chapa ya herufi za kijani: KINAYEYUKA CHENYEWE.

"Hiki si nailoni tupu, mama," alisema, akikivuta kwa vidole kuonyesha kinavyonyumbuka. "Kimechanganywa na unga wa muhogo. Ukikifukia, wadudu wa ardhini wanakila, kinayeyuka, mizizi inapita. Wembe wa nini?"

Tumpale alifurahi kama aliyeletewa salamu za mama yake kutoka kaburini. Ganda la mgomba limerudi! Tena wakati ule kikundi chao cha wanawake kilikuwa kinajiandaa kupanda mivengi, miti ya kutunza maji, kwenye mteremko ulio juu ya chemchemi. Mteremko huo ulikuwa mtupu. Wenye magari ya kuni waliikata miti yote, wakaondoka, na hawajarudi kupanda hata mmoja. Msilisahau na hilo, maana wao wanategemea mtasahau.

Bwana miti alipoviona viriba vya kijivu alikuna kichwa. "Mama Anyo, chaneni tu. Kwa usalama."

"Kimeandikwa, baba. Huoni?"

"Naona kimeandikwa."

"Basi tuache miche ivae nguo yake."

Akawaambia wenzake wote: msichane. Wakapanda mteremko mzima, kila mche na kiriba chake, wakarudi nyumbani wakiimba.

Mwaka wa kwanza mlima ulikuwa kijani, Tumpale akatembea kifua mbele. Baadaye mivengi ikakataa kurefuka. Majani yakawa ya manjano kama macho ya mgonjwa wa ini. Tumpale akasema ni mbuzi, akajenga uzio. Akasema ni njaa, akapandisha samadi kwa kichwa. Akasema ni upepo, akaufungia kila mti kijiti cha kuegemea. Kadiri ilivyodhoofika ndivyo alivyoizidishia mapenzi, nayo ikasimama vilevile, mifupi, imechoka, ina subira ya kutisha.

Asubuhi moja Lugano akaja, amebeba kapu la ndizi za kuiva.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kuaga."

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Naaga kungoja." Akalitua kapu taratibu mlangoni. "Kuna mtu ameniulizia kwa mjomba wangu kule Kyela. Ana nyumba yake. Simpendi hata kidogo, mama, ila ana mlango wake na anaufunga mwenyewe. Huyu wangu mpaka lini? Mpaka aote mvi ndipo kifua kitapona?"

"Lugano, hujui nilikotoka na mtoto huyu."

"Najua, mama. Kijiji kizima kinajua. Ndiyo maana sijakutukana."

Akaondoka, macho yamejaa machozi, hajageuka nyuma. Anyo alikuwa jikoni, amesikia yote. Akatoka, akavuka bustani ya miche, akapanda mteremko wa chemchemi kwa hatua ndefu za mtu asiyejua aendako. Na manyunyu yalikuwa yameanza. Mnadhani Tumpale alifanya nini? Alichukua sweta kwenye msumari, akamfuata.

"Anyo!" aliita kutoka chini, pumzi zimemwishia. "Umetoka bila sweta!"

Anyo akageuka kwa hasira, mguu ukateleza kwenye tope, akaushika mvengi uliokuwa karibu asianguke. Mti ukang'oka. Haukuvunjika, ulitoka mzima mzima, kama kizibo kwenye chupa, na Anyo akakaa chini kwa kishindo, mti mkononi.

"Umeumia?"

"Sijaumia, mama. Nimeng'oa mti wako kwa mkono mmoja."

Mama alitaka kucheka, kisha akaona. Chini ya shina kilining'inia kiriba cha kijivu, bado kina umbo lake, kama jana kimetoka garini. Wadudu walikuwa wamekula kweli. Walikuwa wamekula unga wa muhogo, punje kwa punje, wakaiacha nailoni imetoboka vitundu vidogo kama chekeche, vidogo mno kwa mzizi kujipenyeza. Na herufi za kijani zilikuwa bado zinasomeka.

Tumpale akapiga magoti kwenye tope. Akaufungua wembe kwenye pindo la kanga, ule wa zamani, umeshika kutu ukingoni, akachana kiriba juu mpaka chini na kukivua. Mizizi haikutawanyika. Ilibaki imesimama katika umbo la kiriba, imejisokota mzunguko juu ya mzunguko. Ilifika ukutani ikageuka, ikafika tena ikageuka, mpaka ikalizunguka shina lenyewe na kulikaba koo.

"Kimeandikwa kinayeyuka," alisema polepole.

"Kimeandikwa, ndiyo."

"Nilihofia baridi, Anyo. Nikasema, wakati wake ukifika kitajua chenyewe, kitaachia."

Anyo alikuwa na maneno mengi ya kusema, ya miaka mingi, na hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake, hakuyasema. Aliona tu kwamba mama yake anatetemeka, amelowa mgongo. Akalichukua sweta mkononi mwake, akamvisha yeye, akayavuta mabega taratibu yakae vizuri, kama mtu anavyomvisha mtoto.

Sweta lilimfika magotini. Mikono ilimezwa kabisa, vidole havikuonekana. Tumpale akajitazama ndani ya sweta lile, akautazama mkono mtupu wa sweta unavyoning'inia, na uso wake ukabadilika.

"Jamani," akasema. "Kumbe umekuwa mkubwa kiasi hiki."

"Tangu lini, mama?"

Wakacheka, na katikati ya kicheko mama akaanza kulia, na Anyo akamshika. Alipotulia akaiweka mizizi iliyosokotana mapajani, akaanza kuikata na kuinyoosha, mmoja mmoja, kwa ule wembe wenye kutu.

"Kiriba hakijichani, baba," alisema. "Kinalea, kinalea, kisha kinanyonga, na chenyewe hakijui tofauti. Mkono uliopanda ndio unapaswa kukichana." Akainua uso. "Lugano hajafika mbali, ana viatu vibovu. Kimbia. Mwambie matofali yafunuliwe."

"Mama, una hakika?"

"Nenda! Au nawe mpaka nikung'oe?"

"Na sweta?"

"Sweta ni langu sasa. Toka hapa."

Akakimbia. Mama akamsikia akiteremka mlima, akianguka, akiinuka, akiita jina la Lugano kwa sauti ya kuwaamsha ng'ombe, bila kukohoa hata mara moja.

Wiki ile Tumpale aliwapandisha wenzake mlimani, akawaonyesha kosa lake bila kulifunika. Wakainua mvengi baada ya mvengi, wakachana, wakanyoosha mizizi, wakapanda upya. Mingine ilikufa, kwa maana ilikuwa imechelewa mno, mkono haukuwahi. Iliyobaki ndiyo inayoitia kivuli chemchemi ya Itekela hadi leo. Na yule mchuuzi? Walimkuta sokoni Tukuyu, anauza kitu kingine, nacho kina maandishi. Alipoonyeshwa kiriba chake alisema kwamba kinayeyuka penye joto, ardhi yenu ina baridi mno. Mmesikia? Ardhi iliyokuwepo kabla ya bibi yake kuzaliwa ndiyo yenye makosa!

Anyo alipohamia kwake, Tumpale alivuka kijito na chipukizi la mgomba, limefungwa kwa ganda lake, akalipanda karibu na mlango. Lugano akamwambia, "Ndaga, mama," yaani asante, akamkumbatia, sweta na yote. Jioni ile Tumpale alipakua sahani mbili kwa mazoea. Akaitazama ya pili kwa muda. Kisha akaifunika vizuri, akamwita jirani aliyeishi peke yake aje wale pamoja.

Sasa mmejua. Kinacholea hakijui lini kuachia, na uchafu tulioambiwa utaondoka wenyewe bado uko palepale, maandishi yake yanasomeka. Wale wanaouza neno "chenyewe" wanaishi kwa subira yenu. Miche ya shuleni iliyopandwa juzi, siku ya kupigwa picha, imefukiwa na viriba vyake, vyenye maandishi yaleyale. Mlikuwepo. Mliona, mkapiga makofi.

Basi inukeni. Jua bado lipo. Anzieni mtaroni, kisha nendeni shuleni mkaifukue miche yote, mkachane. Na aliyeileta mwiteni leo hii, mbele ya watu, akishike kiriba kimoja mkononi na kutuambia kitayeyuka lini. Wembe huu hapa, shikeni. Kiriba hakijichani.