Idadi ya Watu Uliowafufua

YAH: MAREKEBISHO YA NENO LA NNE, KIPENGELE CHA NNE, FOMU NAMBA KUMI NA SABA, TOLEO LA KISWAHILI.

Ndugu zangu, msigune. Hicho ni kichwa cha barua ambayo karani mmoja aliianza na hakuimaliza. Sikilizeni ilivyokuwa.

Alikuwa karani wa ustawi wa jamii, mtu mnyoofu, mwenye muhuri wake na kidau chake cha wino. Fomu zake zilitungwa kwa Kiingereza, kisha wakubwa wakampa mtu azitafsiri. Mtafsiri yule Kiingereza chake alikiokota katika Biblia, na si mahali pabaya pa kuokotea. Alipofika kipengele cha nne akakutana na kitenzi 'raise'. Sasa, Waingereza ni watu wa kubana matumizi. Kitenzi hicho kimoja wamekitwika mzigo wa punda sita: ndicho kinachoinua mkono, kinachopandisha mshahara, kinachochangisha harusi, kinachofuga kuku, kinacholea mtoto, na ndicho hichohicho kinachofufua wafu. Sisi kila kazi tumeiajiria neno lake. Mtafsiri akachukua lile alilolizoea, na kipengele kikasomeka: 'Idadi ya watu uliowafufua kabla ya ombi hili.'

Miaka minne fomu ile ilijazwa, na kila mtu aliandika sifuri. Kila mwaka wilaya ikauarifu mkoa kwamba haina mtu aliyefufua mtu, na mkoa ukajibu, 'Taarifa imepokelewa.' Mnacheka? Sisi tumetia sahihi mangapi bila kusoma?

Asubuhi moja akaingia mama mtu mzima, kamshika mkono binti wa miaka sita, Tusekile. Hakumzaa. Alikuwa akiomba kibali mtoto abaki kwake, na siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho. Gari la kituo cha watoto lilishafika uani, dereva kafungua mlango, anangoja tu kuambiwa. Mama akajaza fomu, akaisukuma mezani.

Karani akasoma. Kipengele cha nne: 'Saba.'

"Mama, shikamoo tena."

"Marahaba, baba."

"Hapa umeandika umefufua watu saba."

"Ndiyo."

"Walikufa, wakafufuka?"

"Fomu yako imeuliza idadi, haikuuliza walikufaje."

"Mama, andika sifuri. Wote huandika sifuri. Nikiipeleka hivi kwa bosi atasema wewe ni mganga, na mtoto atapanda gari lile."

Mama akaichukua kalamu. Akaitua tena.

"Nikiandika sifuri, baba, basi huyu hapa ni nani? Walimkuta kichanga kwenye migomba, kashinda na kulala pale siku mbili. Waliniletea ndani ya beseni, kafunikwa kanga mpaka usoni, na mtu alishakwenda kuazima jembe. Jirani ananiambia, 'Usimpe jina, utajisumbua bure.' Nikamlaza kifuani. Namdondoshea maziwa kwa pamba: tone, nangoja, tone, nangoja. Siku ya tisa akalia. Kulia tu, baba! Nilitoka nje nikapiga vigelegele peke yangu, jirani akadhani nimeingiwa na wazimu."

Karani akamtazama Tusekile.

"Aliyemtangulia alikuja anatembea, anakula. Ila mamaye alifia mbele ya macho yake, na miaka miwili hakutoa neno. Huyo naye alikuwa amekufa, sema alikuwa hajalala. Nikuhesabie na waliobaki?"

"Basi, mama."

Karani akafungua droo, akatoa fomu ya Kiingereza, na kwa mara ya kwanza akakisoma kile kitenzi. Akaliona kosa: palitakiwa 'uliowalea'. Taratibu zilikuwa wazi: aandike mkoani, angoje jibu. Akavuta karatasi, akaandika kichwa cha barua, kalamu ikamgomea. Maana sasa aliliona kosa lingine, kubwa kuliko la mtafsiri. Kabatini nyuma yake mlikuwa na mafaili ya miaka minne, ya mashangazi na mababu na majirani, watu waliofanya aliyoyafanya mama huyu. Wilaya nzima ilikuwa inafufua wafu, na yeye kwa kinywa chake alikuwa anawaambia waandike sifuri.

Ndugu zangu, sisi tunakodi mabasi kwenda kutazama miujiza ya mbali. Haya, tutazamane humu ndani. Kuna aliyezaliwa akiijua njia ya jikoni? Kila mmoja wetu alikuwa kitu kisichoweza hata kujigeuza shingo, na mtu akakesha juu yetu, tone, anangoja, tone, anangoja. Alikuwa mama, au bibi, au mtu asiye ndugu wa damu. Tumemwandikia nini katika kipengele chake? Mungu ametuonyesha ufufuo kila siku, kwa kijiko na kwa pamba, nasi tumeuita kulea, tena tumeuita hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja kazi za nyumbani. Waingereza waliyaweka mawili hayo katika neno moja. Sijui kama ni uvivu ama ni ufunuo. Ninachojua ni kwamba mtafsiri yule alikosea, na hakukosea.

Karani hakulifuta lile neno. Aligonga muhuri juu ya saba, akaipeleka fomu kwa bosi akamweleza yote, na kibali kikatoka. Gari la kituo liliondoka tupu, na Tusekile akarudi nyumbani kwa miguu na mama yake.