Vikohozi vya Mzee Senzige

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi maana ni juzi tu, palikuwa na mhariri wa video mjini Mwanga aliyeitwa Mbazi. Studio yake aliiendesha pamoja na dada yake, Niendiwe, na mpiga picha wao, Elinazi. Harusi walipiga wao, misiba walipiga wao.

Mbazi hakuwa mtu wa kipanya cha kompyuta. Kazi yake yote ilikuwa vidoleni. Kitufe hiki cha kukata, kile cha kurudisha nyuma, na viwili vya pembeni kwa pamoja vya kuondoa kipande kisichotakiwa, huku video yenyewe ikibaki salama ndani ya kompyuta. Alikata huku anapiga soga na wateja, wala mkono hautazami. Na vipande alivyokata hakuvitupa. Alivihifadhi kando ya video yenyewe, mahali walipopaita kapuni, mpaka mwenye sherehe aje aridhike, kwa sababu watu hawakosi kurudi na kuuliza, "Shangazi yangu mmempeleka wapi?"

Basi programu yao ya kuhariri ikaanza kuganda katikati ya kazi. Niendiwe akaweka toleo jipya. Akamwambia nduguye, "Kaka, vitufe vimebadilika. Maelezo haya hapa, soma kwanza."

"Nitasoma," akasema Mbazi. Hakusoma.

Akajifunza kwa kuumia. Akibonyeza cha kukata, picha inakuwa kubwa. Akibonyeza cha kurudisha, sauti inazimika. Akifoka, dada yake anacheka: "Vidole vyako vimerudishwa darasa la kwanza!" Taratibu akazoea, au tuseme alidhani amezoea.

Siku hizo ndipo Mzee Senzige alipomuaga binti yake, Nakijwa, kwenye sendofu, sherehe ya kwao kabla ya harusi. Mzee akashika kipaza sauti. Mshereheshaji akaomba watu washushe simu wasimzibe mpiga picha, na watu wakashusha. Mzee akanena, akakohoa, akanena tena. Akamalizia kwa mkewe. Yeye ambaye nyumbani hakuwa mtu wa maneno, akamsifu mkewe mbele ya ukumbi mzima, mpaka waliozoea kugonga sahani wakaacha kugonga.

Lakini mkewe hakuwemo ukumbini. Alikuwa uani kwa wapishi, maana wali ulielekea kwisha na wakwe walikuwa hawajala.

Wanawake wakamkimbilia. "Mama Nakijwa, umekosa uhondo! Umesifiwa!"

"Amesema nini?"

Huyu akasema hivi, yule akasema vile. Walipofika nyumbani akamuuliza mwenyewe. Mzee akaona haya, akacheka. "Nilishasema, mke wangu. Subiri mkanda."

Mama wa watu akasubiri.

Nakijwa naye akapita studio. "Kaka Mbazi, naomba vile vikohozi vya baba uvitoe. Wakwe zangu watautazama mkanda huu."

"Vitatoka," akasema Mbazi.

Kabla mkanda haujakamilika, Mzee Senzige akafariki. Alilala mzima, hakuamka. Elinazi akaitwa kupiga picha za mazishi, na kadi pekee ya kamera iliyokuwa nzima ni ile yenye sendofu. Kanuni ya studio ilikuwa kwamba kadi haifutwi kabla mkanda haujakabidhiwa. Elinazi akajisemea, "Kompyuta inayo." Akaifuta. Basi mahali palipokuwa na sauti ya mzee, pakarekodiwa jeneza lake likishushwa kaburini.

Nakijwa akapiga simu huku analia. "Kaka, siku ya kumaliza matanga mama anataka kumsikia baba. Nakuomba sana." Kuhusu vikohozi hakusema kitu. Kwa msiba ule, nani angekumbuka vikohozi?

Mbazi akaketi kwenye kazi. Alimpenda mzee yule, aliyemwita "fundi" tangu hajui hata kushika kamera. Akasikiliza, akakata kikohozi, akakiweka kapuni. Akasikiliza, akakata, akaweka. Alipofika mwisho, macho yakajaa machozi na kioo cha kompyuta kikapotea. Vidole vikabaki peke yao, na vidole vikarudi kwao. Vikabonyeza vile viwili vya pembeni. Kompyuta ikauliza kama ana hakika. Siku zote ilikuwa ikiuliza, na siku zote alikuwa akikubali bila kusoma. Akakubali.

Katika toleo jipya, vitufe vile havikuondoa kipande. Vilifuta video yenyewe, yote, moja kwa moja. Akaitwa fundi wa kompyuta, akahangaika, akatikisa kichwa.

Siku ya kumaliza matanga wakaenda wote watatu, kompyuta mkononi, wakapiga magoti mbele ya mjane. Mbazi akaeleza.

Mbazi akasema, "Mama, kosa ni langu. Niliambiwa nisome, sikusoma. Niliulizwa kama nina hakika, nikakubali."

Niendiwe akasema, "Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeweka toleo jipya. Nilijua mkono wa kaka yangu haubadiliki kwa maneno, nami nilimpa maneno tu, kisha nikamcheka."

Elinazi akasema, "Mama, kosa ni langu. Ningeiacha ile kadi, sauti ya baba ingekuwapo. Nilimfuta baba ili nipate kumpiga picha akizikwa."

Nakijwa akasukuma watu, akaja kupiga magoti pamoja nao. "Waacheni hawa. Kosa ni langu, mama. Mimi ndiye niliyemwonea baba yangu aibu. Nisingetaka akatwe, asingekatwa."

Mama akauliza, "Kimebaki nini?"

Mbazi akashindwa kuinua uso. "Vikohozi, mama. Vile tulivyovikata. Vimo kapuni."

"Niwekee."

Vikohozi vya marehemu vikaanza kusikika uani, kimoja baada ya kingine. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa. Mama alikuwa ameinama. Kilipofika cha mwisho akainua mkono.

"Rudisha hicho."

Mbazi akatafuta kitufe cha kurudisha, akakikosa, akakipata.

"Hicho si kikohozi," akasema mama. "Akitaka kulia alijikohoza hivyo, ili watu wasijue. Nimeishi naye, namjua." Kisha akawageukia wote waliokuwa ukumbini siku ile. "Hapo alikuwa amefika neno gani?"

Huyu akasema hivi, yule akasema vile. Mama akawatazama wote, mdomo wazi kidogo, kama anayengoja waendelee.

Mimi hapa ndipo nilipokwama, ndugu zangu. Yuko aliyebonyeza, yuko aliyebadilisha, yuko aliyefuta, yuko aliyeona aibu. Na yuko mzee mwenyewe, aliyekuwa na mkewe chumba kimoja, akamwambia asubiri mkanda. Nyinyi mliokaa mkanisikiliza, amueni, maana mama yule bado anauliza: je, nani aliyemnyima neno lake?