Tonge la Kuagana

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika kisiwa kimoja chenye neema aliishi kijana mcha Mungu akiitwa Hudhaifa, pamoja na mama yake mjane, Bi Mayasa. Hawakupungukiwa na kitu. Kisima chao kilikuwa na maji matamu, minazi waliyoachiwa na marehemu ilizaa mwaka mzima, na Hudhaifa alisomesha Qurani barazani kwake kwa sauti iliyowatoa watu machozi. Sifa zake zikavuka bahari, na ukaja ujumbe kutoka mji mkubwa wa bara: aende akawe imamu wa msikiti wa Ijumaa na mwalimu wa wanazuoni.

Moyo ukamruka. Nani asingefurahi? Alijiambia kwamba anakwenda kwa ajili ya dini, na kwa kiasi fulani ilikuwa kweli. Lakini alitamani pia kuitwa sheikh na watu asiowajua, na hilo hakumwambia mtu.

Ilikuwa ada ya kisiwa kile kwamba msafiri hupita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, kisha hurudi kwao, na mama yake humlisha tonge moja kwa mkono wake mbele ya majirani. Akishalimeza, amepewa ruhusa. Siku hiyo Bi Mayasa akamega wali, akaufinyanga, akanyoosha mkono, na mkono ukaenda kombo hadi karibu na sikio la mwanawe. Upesi Hudhaifa akageuza uso, akalipokea tonge kwa mdomo. Majirani hawakutambua kitu. Yeye alitambua. Alifahamu papo hapo kwamba macho ya mama yake yanazimika, na kwamba akilisema hilo, safari imekwisha. Akameza. Akambusu mkono, akaondoka.

Huko bara alipata alichokitaka na zaidi. Wakubwa walimsogezea mto akae, na msikiti ukafurika mpaka nje. Ila kila alipofika kwenye aya za wema kwa wazazi wawili, sauti ilimkauka. Watu wakadhani ni unyenyekevu, wakazidi kumsifu, na sifa zile zilimchoma kuliko matusi.

Miaka ikapita. Ijumaa moja, baada ya swala, akamjia mtu wa kisiwani kwao aliyekuwa njiani kwenda Hija. Akampa mkono, akasema kwa adabu, "Sheikh, umma wote huu unaelekea kibla nyuma yako. Na mama yako kule huswali akielekea jikoni, mpaka apite jirani amgeuze. Haoni tena."

"Tangu lini?" akauliza Hudhaifa, kisha akajionea haya, maana jibu alikuwa nalo mwenyewe.

Siku ile ile akavua joho la uimamu. Waumini wakamsihi abaki. Akawaambia, "Nimekusomesheni haki za wazazi nami nimezikimbia. Tafuteni mwingine." Akashika njia ya pwani.

Alimkuta Bi Mayasa ameketi mkekani, amekonda, amekuwa mdogo kama mtoto. Akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi, Hudhaifa. Siku ile uliponilisha nilijua kwamba huoni. Nilijua, nikaondoka."

Bi Mayasa akamtafuta uso kwa viganja. "Nami nilijua kwamba umejua, mwanangu. Mkono wangu ulipotea, mdomo wako ukaufuata."

"Mbona basi hukunizuia?"

"Ulikwisha kuazimia, baba. Ningekuzuia, ungeondoka umeniasi. Nikaona afadhali nibaki na kiza changu kuliko wewe uandikiwe uasi. Nikanyamaza."

Hudhaifa akalia mpaka ndevu zikalowa. "Nipe radhi, mama."

"Radhi nilikupa siku ile ile, wala sijaiondoa moyoni. Lakini sura yako ninayo ile ya ujana tu. Hii ya sasa sitaijua mpaka Akhera, inshallah."

Akabaki naye. Akamtilia maji ya udhu, akamwelekeza kibla, akamlisha. Hawakukaa pamoja muda mrefu, kwani kabla ya masika Bi Mayasa alirejea kwa Mola wake. Ujumbe wa bara ulikuja tena, na Hudhaifa akaurudisha kwa upole. Akasomesha watoto barazani hadi mwisho wa umri wake, na kwenye zile aya sauti yake haikupata kutengemaa.

Enyi ndugu, kutoka kwenda kutafuta heri si dhambi, na mama huyu hakumlaani aliyetoka. Hudhaifa alisema kweli, akasamehewa, lakini miaka ile hakurudishiwa. Basi na tujiulize, ni wangapi katika sisi tuliagwa na mtu aliyenyamaza, nasi tukauita ukimya wake ruhusa? Ewe Mola, tusamehe sisi, na uwarehemu walionyamaza kwa ajili yetu.