Mwasho wa Nyegere na Uji wa Mzazi

Paukwa. Mbona pakawa yenu ya wagonjwa? Paukwa tena. Haya, hapo sawa. Sogeeni, maana shule niliiacha darasa la tano, lakini hii ninayoijua mimi, mwalimu mkuu mwenyewe alinifuata nyumbani nimsimulie.

Palikuwa na Nyegere. Nguvu anazo, kucha anazo, aibu hana. Mzinga wa juu, wake. Mzinga wa chini, wake. Ukivuna asali yako nusu kibuyu, anakuja, anakutazama, unampa mwenyewe.

Jirani yake alikuwa Sange, kama panya lakini ana pua ndefu, uzito wake konzi moja ya mchele. Mkewe, Mize, alikuwa ndani ya arobaini. Kajifungua mapacha, na maziwa hayatoki. Alitakiwa anywe uji wa pilipili manga, na uji ule bila asali alikuwa anautema. Sange akazunguka msitu mzima. Asali yote iko kwa Nyegere. Akaenda kuomba kijiko kimoja, akafukuzwa.

Lakini wakati anafukuzwa akasikia kitu. Kwaru, kwaru, kwaru. Nyegere anajikuna. Anajikuna kwapani, anajikuna mapajani, kwenye ile mikunjo ya ngozi, na ulimi umeota utando mweupe kama mtindi.

Sange akarudi, akamuuliza taratibu. Nyegere akakana, akatukana, mwisho akanong'ona kwamba hapati usingizi, na zahanati haendi, kwa sababu muuguzi wa kule ni Kanga, na Kanga hana kifua cha kuweka siri.

Basi Sange akamwendea. Kanga akasema hiyo ni fangasi: mgonjwa akae mkavu, apake dawa asubuhi na jioni, ya mdomoni adondoshe matone. Na vitamu apunguze. Apunguze tu.

Njiani ile "apunguze" ikanenepa.

"Mjomba," Sange akasema, "hao fangasi ni wageni. Wamefuata asali. Ukila kijiko kimoja, wao wanakula viwili. Itoke nyumbani, hata harufu yake."

"Itoke iende wapi?"

"Nitajitolea kuibeba."

Nyegere akajikuna, kwaru, kwaru. "Beba, kipua wewe."

Ikaanza hivyo. Asubuhi Sange anakuja. Anainua mkunjo, anakausha kwa jani laini, anapaka, anapuliza, fuu, fuu. Anaondoka na kibuyu. Mjomba anabaki na kunde na mboga chungu ya mchunga, analalamika. Jioni Sange anakuja. Anainua mkunjo, anakausha, anapaka, anapuliza, fuu, fuu. Anaondoka na kibuyu. Na kule kwake Mize anakunywa uji, maziwa yanatoka, mapacha wananyonya mpaka wanasinzia na chuchu mdomoni.

Siku ya kumi na nne ngozi safi, ulimi mwekundu. Sange akasema mjomba umepona, kesho siji.

Nyegere akauliza, "Watoto wamenenepa?"

Sange akajifuta mdomo haraka.

"Kila ukinipuliza," Nyegere akasema, "pumzi yako inanukia asali yangu. Nilijua tangu siku ya tatu."

"Na hukunitafuna?"

"Nilifungua mdomo kabisa. Ukaniinua kwapa, ukapuliza. Mimi tangu niwe mkubwa hakuna aliyenigusa bila kutetemeka. Ningesema, ungeacha kuja." Akasukuma kibuyu kingine kwa mguu, anatazama pembeni. "Arobaini ya mkeo imebaki siku ngapi?"

"Kumi na tatu, mjomba."

"Basi njoo kumi na tatu. Mwasho sina. Utanikuna mgongo tu."

Funzo lake, maana mnapenda mafunzo: ukiwa mgonjwa usimwamini jirani, na ukiwa jirani, mwibie mgonjwa asubuhi na jioni, usikose hata siku moja. Nimefika mwisho. Kama ilikuwa tamu gawaneni, kama ilikuwa chungu nirudishieni, nitaimeza mwenyewe.